Sampu ya tangi la samaki: umeme ukirudi samaki wanahema juu ya maji. Tatizo ni nini?

#1 Sebule_ya_Tabata
Wakuu habari. Nina tangi la sentimita 120 x 50 x 50, yaani lita 300 likijaa hadi ukingoni. Chini yake kuna sampu, yaani tangi la pili la kuchujia maji, ya 90 x 40 x 40. Samaki wote ni wa Ziwa Tanganyika: frontosa watano na kundi la wadogo wa kwenye mawe. Maji yanashuka yenyewe kwa bomba la inchi moja na nusu, yanapita kwenye pamba, kisha sponji nene, kisha mawe ya volkano, mwisho pampu inayarudisha juu. Siku za kawaida maji yanang'aa na samaki wana raha.

Shida inaanza umeme ukikatika. Juzi ulikatika jioni ukarudi usiku wa manane. Hakuna hata tone lililomwagika, sampu ilipokea maji yote na pampu ikawaka yenyewe. Alfajiri nikakuta samaki wote wako juu wanahema, na frontosa wawili wakubwa wamekufa. Wadogo wote wazima. Kuhema nimeshakuona kila umeme ukirudi, ila vifo ndiyo mara ya kwanza, na wale frontosa niliwakuza tangu wakiwa urefu wa kidole.

Nini hasa kinatokea ndani ya sampu wakati umeme haupo? Na je, nibadilishe mpangilio au niachane na sampu kabisa?

#2 Mbuna_Matema
Pole sana mkuu. Jibu lako liko kwenye mawe ya volkano. Wale bakteria wanaogeuza amonia (sumu inayotokana na kinyesi na uozo) kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, wanahitaji hewa muda wote. Maji yakisimama wanaishiwa hewa, wanakufa, wanaoza. Pampu ikiwaka, uozo wote unapandishwa juu kwa mkupuo mmoja.

Na kwa samaki wa Tanganyika hali ni mbaya zaidi kwa sababu ya pH, yaani kipimo cha asidi na magadi ya maji: maji yao yana pH ya juu. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 yana amonia ya sumu isiyofika hata asilimia 1 ya amonia yote iliyomo. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita asilimia 35. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho samaki wa maji laini angekistahimili, wako kinamuua. Umepima?

#3 Kigoma_MwishoWaReli
Mbuna umekimbilia mbali. Mleta uzi kasema wakubwa wamekufa na wadogo wazima. Hiyo ni alama ya kukosa hewa. Hewa ikipungua majini, samaki mkubwa ndiye anayetangulia kwa sababu mahitaji yake ni makubwa. Sumu haichagui hivyo, na mara nyingi wadogo ndio wanaoanza.

Mimi nimekulia ufukweni huku. Ziwa letu karibu na mawe halitulii, mawimbi yanapiga mchana na usiku. Samaki wa huku hawajazoea maji yaliyolala. Kwenye tangi la sampu, hewa nyingi inaingia pale maji yanapoanguka kwenye bomba la kushukia. Pampu ikizima, uingizaji hewa wote umezima. Ongeza na joto la Dar: maji ya nyuzi 25 yanabeba kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 yanabeba kama 7.5, na hapo hujaweka samaki hata mmoja.

#4 Mama_Wawili
Pole baba. Mimi nitasema bila kuzunguka: sampu ni ya nchi ambazo umeme haukatiki. Nafuga guppy na goldfish kwa biashara ndogo, ninatumia sponji za kupulizwa na pampu ya hewa, basi. Umeme ukikatika nachomeka pampu ya hewa ya betri. Sijawahi kufikiria kutoboa kioo.

#5 FundiVioo_Keko
Mama Wawili, kwa guppy sawa. Kwa frontosa anayefika sentimita 30 na kunya kama ng'ombe, sponji mbili hazitoshi, utakuwa unabadilisha maji kila ukiamka.

Nirudi kwa mleta uzi. Mimi ndiyo kazi yangu, nafunga matangi, kwa hiyo niulize mambo ya ufundi kwanza. Bomba la kurudisha maji limeingia ndani ya maji kiasi gani? Lina kitundu cha kukata unyonyaji? Pampu imeandikwa lita ngapi? Mfuniko wa tangi ni wa kioo kizima au una nafasi? Na ile pamba mara ya mwisho umeisafisha lini?

#6 Mchunga_Koi_Dom
Nafuatilia. Niongezee kuhusu joto: weka feni ndogo ya kompyuta ipulize juu ya maji ya sampu, joto linashuka nyuzi mbili tatu. Mimi niko Dodoma inafanya kazi vizuri mno.

#7 Kigoma_MwishoWaReli
@Mchunga_Koi_Dom Dodoma hewa ni kavu, maji yanaondoka kama mvuke haraka na kuchukua joto. Dar hewa imeshiba unyevu, feni itasaidia kidogo. Na umeme ukikatika, feni yako nayo imekatika.

#8 Sebule_ya_Tabata
Nawajibu kwa pamoja.

Fundi: bomba la kurudisha limezama kama sentimita tatu, kitundu kipo. Pampu imeandikwa lita 3,000 kwa saa. Mfuniko ni kioo kizima, umekatwa kona tu ya mabomba. Pamba ilikuwa haijasafishwa kwa wiki kadhaa.

Mbuna: nilipima mchana baada ya vifo. Amonia ilionesha rangi ya mwanzo kabisa, karibu na sifuri. Nitriti sifuri. pH 8.6.

Kingine, alfajiri ile chumba cha pampu kilikuwa kimepungua maji, mdogo wangu akaongeza ndoo moja na nusu kutoka bombani kabla sijaamka. Anasema samaki walikuwa tayari wanahema alipofika.

#9 FundiVioo_Keko
Ahsante, sasa tunaongea. Niseme kwanza kilicho sawa, maana kuna wengi watasoma uzi huu wakitaka kujenga ya kwao.

Sampu unaipanga kuanzia siku umeme utakapokatika. Tangi la 120 kwa 50, kila sentimita moja ya kimo ni lita 6. Bomba lako likiwa limezama sentimita tatu, pampu ikizima maji yanarudi kinyumenyume hadi hewa iingie: hiyo ni lita 18, jumlisha yaliyomo kwenye mabomba. Sampu ya 90 kwa 40 kila sentimita moja ni lita 3.6. Ukiiendesha kwa kimo cha sentimita 25, una nafasi ya sentimita 15 juu, yaani lita 54. Ndiyo maana sakafu yako ilibaki kavu. Aliyekufungia alijua kazi.

Upande wa pili ni bomba la kushukia likizibwa, na jani au konokono. Pampu itaendelea kupandisha maji hadi chumba chake kikauke. Kwa hiyo chumba cha pampu kiwe kidogo kuliko nafasi iliyobaki juu ya tangi. Chumba cha 25 kwa 40 chenye maji ya kimo cha 20 kina lita 20. Tangi lako likibakiza sentimita nne hadi ukingoni, linapokea lita 24. Salama. Wengi wanafanya chumba cha pampu kikubwa ili wasijaze maji mara kwa mara, halafu siku moja zulia linaogelea.

Msitegemee valvu ya kuzuia maji yasirudi. Uchafu kidogo tu ukikaa kwenye ulimi wake haifungi tena. Kitundu kwenye bomba ndiyo kinga, kiwe kidogo chini ya uso wa maji, na kisafishwe kwa sababu ukijani unakiziba. Na wale wanaotumia bomba la kupindia juu ya ukingo badala ya kutoboa kioo: likiingiwa hewa wakati pampu imezima, umeme ukirudi halivuti tena, na pampu inamwaga sampu yote sebuleni. Toboa kioo, weka tenki konekta (kiungo cha kushikia bomba kwenye tundu). Ila hakikisha si kioo cha tempa, kile cha milango ya maduka. Hicho ukigusa na kekee kinasambaratika chote.

Sasa kwa samaki wako nina nadharia yangu: pamba. Wiki kadhaa bila kusafishwa ina mavi na chakula kilichooza. Inapopitiwa na maji inakaa na hewa. Maji yakisimama, ndani yake hewa inakwisha haraka kuliko kwenye mawe. Bakteria wako kwenye mawe yawezekana hawakufa hata mmoja.

#10 Nyali_Matumbawe
Salaam kutoka Mombasa. Mimi ni wa maji chumvi, lakini sampu ni sampu. Stima ikipotea hapa kwangu, kitu naogopa ni ile harufu ya mayai viza. Mahali uchafu umerundikana na hewa haifiki, inatengenezwa gesi ya salfa, na kidogo tu inaangusha samaki. Ndugu yangu, ulinusa sampu asubuhi hiyo?

Na kwa wenye nia ya kuweka matumbawe kwenye sampu kupandisha pH: tafadhali msiende kuyavunja baharini. Maganda ya kombe yaliyosagwa, yale ya chakula cha kuku, yanafanya kazi ileile.

#11 Kigoma_MwishoWaReli
Nyali, hoja ya gesi ya salfa naifahamu vizuri. Tanganyika ndilo ziwa lenye kina kirefu kuliko yote duniani, na sehemu kubwa ya chini haina oksijeni kabisa, ina gesi hiyohiyo. Upande huu wa kaskazini ukishuka kama mita 100 hewa imekwisha, kusini inaenda hadi kama 200. Samaki wote wanaishi kwenye tabaka la juu. Lakini ile gesi inajikusanya mahali ambapo maji hayachanganyiki kwa muda mrefu mno. Sampu ya kusimama saa chache haiwezi kufanana.

#12 Mchunga_Koi_Dom
Marekebisho: la kwanza kwa kina duniani ni Baikal kule Urusi. Tanganyika ni la pili, mita 1,470.

#13 Kigoma_MwishoWaReli
Sawa, la pili duniani, la kwanza Afrika. Hoja inabaki palepale.

#14 Nyali_Matumbawe
Haibaki palepale. Uozo wa kwenye pamba haukuanza stima ilipopotea. Ulikuwepo wiki nyingi, katikati ya pamba nene hewa haifiki hata maji yakipita, kwa sababu yanapita pembeni. Saa sita za kusimama zinamalizia tu.

#15 Sebule_ya_Tabata
Sikunusa harufu hiyo. Ila nakiri (kwa kusema ukweli) sikuinamia hadi kwenye pamba yenyewe.

#16 Dawa_na_Mifugo
Nimesoma uzi wote na kuna swali hakuna aliyeuliza. Usiku ule umeme ukiwa haupo, feni zimezima, Dar, mbu. Mlipuliza dawa ya mbu ndani? Na je, ulikuwa na pampu ya hewa ya betri?

#17 Sebule_ya_Tabata
Ndiyo kwa yote mawili. Pampu ya betri ilikuwa inafanya kazi tangu jioni, ndiyo maana nadharia ya kukosa hewa ilinichanganya. Dawa ilipulizwa chumbani kwa watoto na koridoni, sebuleni kidogo.

#18 Dawa_na_Mifugo
Hapo sasa. Dawa nyingi za kupuliza za mbu ni za jamii ya pairethroidi. Kwa binadamu na kuku madhara ni madogo, kwa samaki ni sumu kali, kiasi kidogo sana kinatosha. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja majini. Siku za kawaida mnakuwa na feni, hampulizi. Umeme ukikatika mnapuliza. Kwa hiyo kila umeme ukikatika samaki wanahema, na sampu inasingiziwa.

#19 Mbuna_Matema
Duh. Hii sikuiwaza.

#20 Mama_Wawili
Mimi napuliza kila siku jioni nikiwa nimefunika matangi kwa kanga, pampu ya hewa inaendelea, na guppy wangu wanazaa. Guppy ni mdogo, angekuwa wa kwanza kufa. Nampa heshima yake mtaalamu ila kwangu haijatokea.

#21 Dawa_na_Mifugo
Mama, kanga imekukinga wewe. Na inategemea pampu yako ya hewa imekaa wapi.

#22 Mama_Wawili
Iko kibarazani, mpira unapita dirishani. Kelele zake zilikuwa zinanikosesha usingizi.

#23 Dawa_na_Mifugo
Basi umejibu mwenyewe mama yangu.

#24 Kigoma_MwishoWaReli
Bado dawa haielezi kwa nini wadogo walipona. Pairethroidi zinapiga wote. Na pampu ya betri ya tangi dogo kwa lita 300, mfuniko wa kioo kizima umefungwa, joto, frontosa watano wakubwa! Ile inatoa vipovu pembe moja tu. Hewa hii mnaisema ipo, kwa macho ipo, kwa samaki haitoshi. Frontosa kwa asili anakaa chini kabisa, mara nyingi mita 30 na zaidi, kwenye maji ya baridi kidogo. Ukimwona yuko juu anahema ujue amefika mwisho.

Na klorini ya ndoo moja na nusu haiwezi kuwa chanzo, walikuwa wanahema kabla. Ila inaweza kuwa ndiyo iliyowamalizia. Maji ya bomba yakae wazi siku nzima kwanza, au yatiwe thiosalfeti, dawa ya kuondoa klorini.

#25 Kijana_wa_Chuga
Wakuu samahani natoka nje kidogo ya mada. Nataka kuanza sampu kama hii, tangi nusu ya hili. Pampu inakula umeme kiasi gani? Na huku baridi, hita naweka wapi?

#26 FundiVioo_Keko
Piga hesabu kijana. Pampu ya wati 40 ikiwaka saa 24 ni karibu uniti moja kwa siku, kama 29 kwa mwezi. Kama uko kwenye kundi la matumizi madogo lenye kikomo cha uniti 75, hiyo si ndogo. Kwa tangi lako pampu ya wati 15 inatosha, kama uniti 11 kwa mwezi. Unataka maji yote ya tangi yapite kwenye sampu mara nne au tano kwa saa, zaidi ya hapo unalipia kelele. Usidanganyike na namba ya kwenye boksi, ile ni pampu isiyopandisha maji popote. Ikipandisha mita moja na nusu inaweza kubaki nusu au chini yake.

Hita iweke kwenye chumba ambacho kimo cha maji hakibadiliki, kabla ya chumba cha pampu. Maji yanayopotea kwa mvuke yanaonekana kwenye chumba cha pampu tu. Hita ikiachwa nje ya maji ikiwa inawaka, kioo chake kinapasuka. Na nyaya zote zishuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, maji yanayotiririka kwenye waya yadondoke sakafuni badala ya kwenye umeme.

Silikoni ya kuunganishia iwe ile ya kawaida ya vioo. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu inaua samaki.

#27 Mbuna_Matema
Na usiweke samaki wote wiki ya kwanza. Bakteria wanataka wiki nne hadi sita kujenga makao. Chukua sponji kwa mtu mwenye tangi la zamani uikamulie kwenye sampu yako, muda unapungua.

#28 Sebule_ya_Tabata
Mrejesho. Umeme umekatika tena jana, saa chache. Safari hii pamba ilikuwa mpya, mfuniko nimeuinua kwa vijiti, pampu ya betri nimeiweka dirishani, na hakuna aliyepuliza dawa. Samaki hawakuhema kabisa umeme uliporudi.

Shida ni kwamba nimebadilisha vyote kwa pamoja, sikutaka kuhatarisha frontosa watatu waliobaki. Nilichoweza ni kupima maji ya kwenye mawe ya volkano kabla pampu haijawaka: amonia ilikuwepo kidogo, juu zaidi ya ile ya tangini.

#29 Mbuna_Matema
NILISEMA. Amonia iko kwenye mawe.

#30 FundiVioo_Keko
Amonia kidogo baada ya saa chache ni kawaida, bakteria wamelala tu, hawajafa. Wangekuwa wamekufa ungeiona tangini leo na kesho. Pima leo jioni.

#31 Kigoma_MwishoWaReli
Umeinua mfuniko. Mimi nimeridhika.

#32 Dawa_na_Mifugo
Hukupuliza dawa. Mimi pia.

#33 Nyali_Matumbawe
Na pamba ilikuwa mpya. Lakini ndugu yangu, usiku ambao stima itapotea kutoka magharibi hadi asubuhi pampu ya betri haitafika. Tafuta betri ya gari na inveta ndogo, uifungie pampu ya wati 15 ya akiba ndani ya sampu. Haihitaji kusukuma nyingi, maji yatembee tu kwenye mawe.

#34 FundiVioo_Keko
Naunga mkono hiyo. Ila pampu ya akiba nayo ipandishe kwa bomba lake, usiunganishe tii kwenye bomba la pampu kubwa, maji yatarudi kupitia pampu iliyozima na hayatafika juu. Mleta uzi nitumie picha ya nyuma ya stendi nikuoneshe pa kupitisha.

#35 Sebule_ya_Tabata
Amonia ya jioni: tangini sifuri, kwenye mawe sifuri. Picha napiga kesho kukiwa na mwanga.